Theluji haishuki Lubumbashi: familia ipande mlima gani?

Kila mwaka Pasaka inapokaribia, simu za Lubumbashi hujaa picha za aina moja. Ni binamu wa Bruxelles, Lille au Lyon, wamevaa kofia ngumu na miwani mikubwa, wamejipanga mbele ya mlima mweupe. Tantine anaongeza sauti ya nusu dakika akieleza jinsi mdogo wa mwisho alivyoanguka mara ishirini na bado akagoma kurudi hotelini. Huku kwetu mvua za mwisho zinapiga mabati ya mitaa ya Katuba na Kenya, madaftari yamefungwa, na kabla bukari haijapoa mezani swali limekwisha kuulizwa: "Papa, na sisi tutaenda lini?"

Wazazi wengi hulijibu kwa kicheko. Theluji pekee ambayo mji huu unaijua ni poda nyeupe inayomwagwa vichwani mwa wanafunzi wa mwisho siku matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka. Lakini swali la mtoto lina jibu la kweli, lenye ramani, kalenda na hesabu ya fedha. Familia ya Lubumbashi inayotaka vakansi ya mlimani ina njia kadhaa mbele yake, na iliyo mbali zaidi si lazima iwe bora.

Pasaka kwenye Alps

Tuanze na huko picha zinakotoka. Kwenye milima ya Alps, msimu wa skii huanza Desemba. Pasaka ikifika, mwishoni mwa Machi au katika Aprili, vijiji vya chini vimeshakuwa kijani na maua yamechomoza. Anayetaka theluji hulazimika kupanda juu zaidi. Ndiyo maana vituo kama Val Thorens cha Ufaransa, kilichojengwa kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, huendelea kupokea watu hadi mwanzo wa Mei, wakati vingine vimekwisha kufunga lifti zao.

Theluji ya majira hayo ina tabia yake. Usiku huganda ikawa ngumu kama barafu. Jua la asubuhi huilainisha juu kidogo tu, na hapo ndipo kuteleza kunakuwa raha hata kwa anayejifunza. Mchana ukikolea inakuwa nzito, imejaa maji, na magoti ya mgeni huanza kulalamika. Kwa hiyo wazoefu huwahi asubuhi, na saa nane wamekwisha kukaa juani nje ya mgahawa. Jua lenyewe si la kuchezea: linapiga kutoka juu na kurudishwa na weupe wa chini, na ngozi nyeusi nayo huungua. Krimu ya jua na miwani ya giza ni vya kila mtu, mtoto mdogo asisahauliwe.

Kwa familia, uzuri wa vituo hivyo ni mpangilio. Ufaransa hugawa njia za kuteremkia kwa rangi nne: kijani kwa anayeanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wale wasiojua woga. Shule ya skii ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1945, ina walimu wanaotambulika kwa makoti mekundu, na watoto hupanda ngazi zenye majina ya kuchekesha kuanzia Piou-Piou, kisha Ourson, Flocon na nyota. Skii, viatu na kofia ngumu hukodishwa. Tiketi ya lifti hununuliwa kwa siku au kwa wiki. Mzazi ambaye hajawahi kukanyaga theluji asione haya kuingia darasa la wanaoanza pamoja na mwanawe.

Wapo Waafrika Mashariki walioonyesha kwamba mlango huo haukufungwa kwa yeyote. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alikuwa mtu mzima alipopelekwa Finland kujifunza skii ya masafa. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, yapata dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni mwa njia ili amkumbatie, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alibeba bendera ya Kenya na kuteremka mlima kwa kasi ambayo Boit hakuwahi kuiota. Tofauti kubwa kati yao ni umri waliokanyagia theluji mara ya kwanza. Kwa mzazi, hilo ni somo tosha.

Sasa hesabu. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya hapo halipi. Baba, mama, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9 wanatoa euro 315 kabla hawajaahidiwa chochote, na ada hairudishwi viza ikikataliwa. Ongeza bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu kwa kila mmoja, tiketi za ndege za kuunganisha kupitia Addis Ababa, Nairobi au Kinshasa, kisha nyumba, lifti, vifaa na mwalimu. Na hata kama tantine atawapa kitanda, kalenda inaweza kuwasaliti. Shule za Wabelgiji wanaosema Kifaransa zilibadilisha ratiba yake kuanzia mwaka wa masomo 2022–2023. Likizo ya Carnaval sasa ni wiki mbili, na ile ya majira ya kuchipua imesogezwa hadi mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Unaweza kutua Bruxelles Jumapili ya Pasaka ukakuta binamu wanaandaa mikoba ya shule.

Theluji ya Kongo yenyewe

Wengi husahau kwamba nchi yetu ina theluji yake. Kilele cha Margherita kwenye Mlima Stanley, katika safu ya Rwenzori, kina mita 5,109. Ni cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, nacho kiko mpakani mwa Kongo na Uganda. Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi, alikifikia mwaka 1906. Upande wa Kongo, msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulichunguza miteremko ya magharibi mwaka 1932. Njia ya kupandia huanzia Mutwanga na kupita ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo iliundwa mwaka 1925.

Lakini hapo si mahali pa kupeleka watoto kuteleza. Kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,300 hata kama ungepita kama ndege. Kupanda kunachukua siku kadhaa za tope, mizizi na miamba, na baridi yake huwashinda hata vijana wenye mazoezi. Zaidi ya yote, vita vya Kivu Kaskazini na mashambulizi ya makundi yenye silaha katika eneo la Beni vimewanyima amani wakaaji wenyewe, sembuse watalii.

Na barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 mito ya barafu 43 ilihesabiwa kwenye Rwenzori. Leo vimebaki vipande, hasa juu ya Mlima Stanley. Kilimanjaro nako mambo ni hayo hayo. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walibeba skii hadi Kibo na kuteremka nazo, na mto mmoja wa barafu ulipewa jina la Furtwängler. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Mtoto anayesoma darasa la kwanza leo pale Ruashi atakuwa mzazi mwenye watoto wa shule wakati huo. Theluji ya ikweta atawasimulia tu.

Julai, uelekeo wa kusini

Wanaoangalia picha za Bulaya tu hawaoni kwamba kusini mwa Afrika baridi haishuki Desemba. Inashuka Juni, Julai na Agosti. Lubumbashi yenyewe inaijua: mji uko kwenye mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni joto hushuka chini ya nyuzi 10, mbabula hukokwa mlangoni na makoti ya mitumba hupata bei. Sogea kusini zaidi na upande juu zaidi, baridi hiyo hiyo inageuka theluji. Nayo inaangukia wakati shule zetu zimefungwa, maana mwaka wa masomo wa Kongo huisha mwanzo wa Julai na kufunguliwa Septemba. Kile ambacho Pasaka hainacho, vakansi kubwa inacho.

Mahali pa kwenda panaitwa Afriski, katika milima ya Maluti, kaskazini mwa Lesotho. Lesotho ni nchi ya ajabu kwa mtu wa Katanga: sehemu yake ya chini kabisa iko kwenye mita 1,400 hivi, yaani juu kuliko Lubumbashi. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2002, kiko kwenye mita 3,050 na lifti zake hupandisha watu hadi mita 3,222. Njia kuu ya kuteremkia ina kilomita moja. Mbele ya vituo vya Alps vyenye mamia ya kilomita ni padogo sana, lakini kwa mtoto anayeanza kilomita moja ni safari ndefu. Theluji ya mawinguni ikichelewa, mashine hunyunyiza maji kwenye baridi ya usiku yakaganda, na asubuhi njia iko tayari.

Ukifika Johannesburg, ambako hutua ndege za moja kwa moja kutoka uwanja wetu wa Luano, barabara hadi kituoni huchukua saa tano hivi. Unapita Fouriesburg, unavuka mpaka wa Caledonspoort, unaingia Butha-Buthe, kisha unapanda kona za Moteng, ambazo zinafika mita 2,820. Wachimba migodi wetu watapenda kujua kwamba barabara hiyo hiyo ikiendelea mbele inafika Letšeng, mgodi wa almasi ulioko kwenye mita 3,100 hivi, ambako mwaka 2006 ilipatikana almasi ya karati 603 iliyopewa jina la Lesotho Promise. Njiani utawaona wachungaji juu ya farasi, wamejifunga blanketi nzito za Kisotho. Kabla ya kununua koti la bei kali, watazame jinsi walivyovaa.

Wapo wanaopanga safari nzima kwa gari, wapitie Kasumbalesa, Ndola, Lusaka na daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021. Ni zaidi ya kilomita 2,000 hadi Johannesburg, na Kasumbalesa pekee, kati ya malori ya shaba, inaweza kula nusu siku. Kwa vijana wanne wenye zamu za usukani inawezekana. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitano, sipendekezi.

Mambo matatu yaangaliwe mapema. La kwanza ni viza ya Afrika Kusini: ombeni inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu mtatoka kwenda Lesotho na kurudi, na ulizeni pia masharti ya Lesotho yenyewe. La pili ni karatasi za watoto: cheti cha kuzaliwa kinachotaja wazazi wote wawili, na barua ya idhini kama mzazi mmoja anabaki nyumbani. Wengi wamerudishwa uwanjani kwa sababu ya karatasi moja. La tatu ni mwili. Kutoka mita 1,200 hadi 3,050 kwa siku mbili kunaumiza kichwa na kukata pumzi. Lalani usiku mmoja mahali pa chini, nyweni maji mengi, na mtoto anayetapika ateremshwe bila ubishi. Nyumba yenye finaliste nayo ingoje kwanza matokeo. Hakuna anayefurahia mlima akiwa na wasiwasi wa diploma.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kufuata bidhaa watasema kuna njia fupi zaidi. Ni kweli, ndani ya Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005, yenye mteremko wa mita 400 na theluji mwaka mzima. Mama akiwa ameshafika huko na watoto, saa mbili za kuteleza zitawafurahisha. Lakini huo ni ukumbi wenye paa, na nje yake ni jangwa. Mlima haumo.

Mlima ulio karibu

Basi Pasaka yenyewe tuifanyie nini? Jibu liko chini ya kilomita 200 kutoka mjini, uelekeo wa kaskazini-mashariki. Uwanda wa juu wa Kundelungu unapanda hadi zaidi ya mita 1,700. Hifadhi yake ya taifa iliundwa mwaka 1970, na jirani yake Upemba ni ya mwaka 1939. Huko juu nyasi ni fupi, upepo ni mkali, usiku unahitaji koti hata kabla ya Juni, na ukingoni mwa uwanda mto Lofoi unajitupa chini kwa zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi Afrika, na wakaaji wengi wa Lubumbashi hawajayaona ila kwenye kalenda za ukutani.

Kundelungu ina mtego wake. Aprili, mvua zinapomalizika, Lofoi imejaa na ngurumo yake husikika kabla hujaiona. Lakini barabara ya udongo ni tope, na gari dogo haliendi popote. Agosti barabara ni kavu na safi, ila maji yamepungua hata kubaki uzi mwembamba unaopeperushwa na upepo kabla haujafika chini. Anayefuata kalenda ya shule peke yake atakosa kimoja kati ya viwili: maji au barabara.

Wakati mzuri zaidi ni Mei. Mvua imekwisha, udongo umekauka, na mto bado una nguvu. Sikukuu ya Mei Mosi ikipakana na wikiendi, familia hupata siku tatu bila kuiba siku ya masomo. Nendeni na jipu imara, tena mbili zikiwezekana, kwa sababu moja ikikwama nyingine huvuta. Chukueni mahema, maji ya kunywa, dawa, mafuta ya ziada na chakula cha kutosha: unga wa bukari, sombe iliyotwangwa tayari, makayabu, na kikanda kwa ajili ya watoto njiani. Kabla ya kuondoka, piteni ofisi ya ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi zetu, mlipe ada, muulize hali ya barabara na usalama, na mchukue mlinzi wa kuwaongoza. Wakisema msiende, msiende.

Ukingoni mwa poromoko watoto washikwe mikono. Hakuna uzio, na jiwe lenye unyevu halimjali mgeni. Zaidi ya hapo, waacheni wakimbie. Mtoto aliyekulia Kampemba, kati ya kuta na vumbi la malori, akiona uwanda usio na ukuta hata mmoja hahitaji mwalimu wa kumwambia afanye nini.

Kinachojenga kituo cha mlimani

Tunapotazama picha za Alps tunadhani Mungu aliwapa Wafaransa theluji na mambo yakaisha. Sivyo. Mpaka katikati ya karne iliyopita, mabonde mengi ya Savoie yalikuwa ya wakulima maskini ambao vijana wao walihamia mijini. Mwaka 1964 serikali ya Ufaransa ilianzisha mpango wa theluji, ikapima ardhi, ikatengeneza barabara, ikagawa maeneo kwa wajenzi, na vituo vikaota mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe. Val Thorens ilifunguliwa mwaka 1971. Zipo hasara: zege lilimwagwa kwenye milima, na leo theluji inapopungua vituo vya chini vinafunga. Lakini somo moja linabaki: mlima unakuwa mahali pa familia pale panapokuwa na barabara, paa la kulalia na mtu wa kuongoza. Theluji ilikuja juu ya hayo.

Jimbo letu la Haut-Katanga halikosi fedha za vitu hivyo vitatu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mitaa na sekta ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba na kobalti zinatoka kila siku kupitia Kasumbalesa. Barabara ya kufika Kundelungu mwaka mzima, vyumba kumi vya wageni vyenye maji, na vijana wa vijiji vya pale waliofunzwa kuongoza wageni ni kazi ndogo kuliko nyingi zilizowahi kuahidiwa mbele ya kamera. Vijana hao wangepata mshahara wa kudumu badala ya kukata miti ya makaa au kuwinda usiku.

Kwa wazazi, hukumu ni hii. Usimkopee mtoto Pasaka ya Bruxelles. Kalenda yake si yetu na bei yake si yetu. Kama mfuko unaruhusu na karatasi zimekamilika, weka akiba sasa kwa ajili ya Lesotho mwezi wa Julai. Kama hauruhusu, tafuta familia mbili za kushirikiana jipu na mahema, mpande Kundelungu mwezi wa Mei. Na mtakaporudi, wapigieni simu wabunge wa jimbo mliowachagua muwaulize barabara ya Kundelungu imewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani.